Mnyama wa Nusu Manyoya

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimeanza kuandika. Ni amri ya mke wa Mjomba, ambaye mimi namwita Mama kwa sababu ndiye aliyenilea. Jana mezani nilimsema fundi bomba, nikamsema dereva wa kazini, nikamsema mbwa wa jirani, nilipofika kwa Profesa wetu wa makumbusho, Mama akaweka kijiko chini. "Mwanangu, hayo mengine yaandike. Masikio yangu si ghala." Mjomba akacheka mpaka akapaliwa. Basi haya, naandika.

Kazi yangu ni kusafisha mifupa ya wanyama waliokufa kabla binadamu hajawazwa. Mifupa imegeuka jiwe na imelala ndani ya jiwe jingine. Unainamia darubini, unashika sindano ya chuma, unaondoa jiwe chembe kwa chembe. Ni kazi ya mtu mtulivu. Mimi nikikaa kidogo tu, kiti kinaota miba. Aliyenifundisha ni Mjomba, fundi mkuu wa karakana ya makumbusho, na hadi leo hushangaa kwamba sijavunja kitu kikubwa.

Msimu huu tuna bamba moja la jiwe lenye dinosaria mdogo, ukubwa wa bata mzinga, amelala ubavu na mikono ameikunja. Mjomba ameshasafisha nusu ya mbele: kichwa, shingo, mikono, kidari. Kweupe, safi, utadhani mifupa imefuliwa. Nusu ya nyuma kanikabidhi mimi. Anasema macho yamechoka kidogo. Mvua zikiisha anastaafu, na siku hiyohiyo bamba litawekwa ukumbini, na yeye atapigiwa makofi na wakubwa. Mama ameshamnunulia koti.

Jumatano, 6 Machi

Paa linavuja juu ya kabati la brashi. Nimelihamisha kabati. Saa hiyohiyo paa likavuja pale nilipolihamishia. Sina la kusema.

Jumatatu, 11 Machi

Kandokando ya mifupa ya mkia kuna weusi mwembamba, kama moshi ulioganda. Mjomba hunifundisha kwamba ule ni ukungu wa jiwe, uondoe upite zako. Nimeuondoa kwenye pingili ya kwanza. Kwenye pingili ya pili nikapiga chafya, darubini ikacheza, nilipoirudisha nikaona ule weusi una mistari. Mistari myembamba kabisa, yote imelalia upande mmoja, kama nywele zilizochanwa na mama mwenye haraka.

Ukungu haujichani. Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena, nikazunguka meza, nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Kisha nikampigia simu Profesa, na Profesa alikuwa chumba cha pili, nasikia simu yake ikiita ukutani.

Jumanne, 12 Machi

Profesa amepiga magoti mbele ya meza yangu. Mwanamke yule sijawahi kumwona akipigia kitu magoti. "Manyoya," akasema. "Jamani, haya ni manyoya."

Plasta, mchonga sanamu wetu, alikuwa amekuja kuazima gundi, na akishakuja kuazima haondoki. Akachungulia. "Mjusi mwenye manyoya? Kwa hiyo aliruka?"

"Na vikono hivi aruke kwenda wapi?" Profesa akasema. "Manyoya hayakuanzia kwenye kuruka, bwana. Yalianza kama nyuzi tu, pengine kwa ajili ya joto, kama kifaranga. Kisha wengine wakayatumia kujishaua mbele ya wenzao, wengine kufunikia mayai. Kuruka ni mpangaji aliyekuja baadaye, akakuta nyumba imeshajengwa."

"Koti kwanza, mabawa baadaye," Plasta akasema.

"Hilo nitakuibia."

Kisha Profesa akahama kutoka mkiani kwenda mbele. Akatazama sana. Mbele hakuna weusi hata chembe. Akageukia kona ya Mjomba, ambaye alikuwa anasafisha gamba la kobe. "Fundi, huku mbele hakukuwa na weusi kama huu?"

Mjomba hakuinua kichwa. "Hakukuwa na kitu."

"Fundi akisema hakuna, basi hakuna," Profesa akasema, na mimi nikajisikia fahari, kwa sababu watu ambao neno lao linatosha siku hizi ni wachache.

Jumatatu, 18 Machi

Profesa amepata nadharia. Amekuja asubuhi nywele hazijachanwa, macho yanang'aa. Kwa nini mnyama awe na manyoya nyuma na mbele awe mtupu? Kwa sababu alikuwa mla mizoga! Kama tumbusi. Anazamisha kichwa na mikono ndani ya mzoga, na manyoya yangemjaa damu na uchafu, kwa hiyo sehemu ile ikabaki ngozi tupu. Dunia nzima hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho, anasema. Atalitangaza siku ya ufunguzi.

Plasta ameanza sanamu. Anabandika manyoya ya kanga na ya kuku, moja moja, kuanzia mkiani. "Nimechonga wafalme, nimechonga tembo," akaniambia. "Sasa nachonga kuku aliyetoroka sufuriani."

Nilicheka siku nzima.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Mkia umekwisha, sasa niko mgongoni. Sasa siugusi ule weusi, naupita kwa mbali kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Jumanne, 2 Aprili

Leo umeme ulikatika. Karakana yetu haina dirisha, na ukikatika unakuwa kama umetiwa ndani ya chungu. Plasta akaguna, mimi nikaguna, nikaweka sindano chini. Tukakaa tunasikiliza mvua.

Kisha nikasikia sauti nyingine. Krr. Krr. Krr. Sindano ya Mjomba ilikuwa inaendelea na kazi.

"Mjomba," nikasema, "umeme umekatika."

Sindano ikanyamaza. "Najua," akasema. "Nilikuwa namalizia."

Plasta akaona ni kichekesho, akasema mzee ana macho ya paka. Mimi sikucheka. Mwili ulinisisimka na sijui kwa nini.

Jumatano, 3 Aprili

Sasa najua kwa nini.

Nimeiweka darubini juu ya ubavu, pale kazi ya Mjomba inapokutana na yangu. Weusi unakuja kutoka mgongoni vizuri, mistari yake yote imelala, halafu unakatika ghafla katikati ya ubavu mmoja. Mnyama gani ananyonyoka manyoya katikati ya ubavu, tena kwa mstari ulionyooka? Nikaongeza ukuzaji. Upande mweupe una mikwaruzo. Ni mikwaruzo ya sindano, mifupi, inayopishana, kila mmoja umeishia kwa kijikunjo kidogo kuelekea kulia. Hakuna mtu mwingine anayekwaruza hivyo. Mimi mwenyewe nilijaribu kuiga kijikunjo kile nikashindwa.

Mjomba huwa anasema mfupa unaimba na jiwe linakwaruza, na fundi mzuri anaweza kufanya kazi kwa sikio. Siku zote nilidhani ni maneno ya kujitapa. Kumbe alikuwa ananiambia ukweli mtupu. Anafanya kazi kwa sikio na kwa ncha za vidole, na weusi ule hauimbi wala haukwaruzi. Ukiwa huuoni, haupo.

Amekwangua manyoya yote ya mbele. Na Profesa amejenga nyumba ya ghorofa juu ya kiwanja kile kitupu.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimevunja sindano mbili. Nimemjibu Plasta vibaya. Nimekwenda msalani mara ngapi sijui, kutembea tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Nikinyamaza, uongo utawekwa ndani ya kioo na watoto wa shule wataufundishwa, na mimi nitakuwa naujua. Nikisema, Mjomba ataondoka kazini kama mharibifu. Tena si kwa mnyama huyu peke yake. Watauliza: na wale wa mwaka jana? Na wa mwaka juzi? Kazi yake yote itatiwa shaka, na kazi yake ndiyo yeye.

Jumanne, 9 Aprili

Nilimkuta Mama jikoni, anamenya viazi. Nikamuuliza bila kuzunguka: Mjomba anaona?

Hakushtuka. Akamaliza kiazi kile, akachukua kingine. "Anaona mwanga. Anaona mtu amesimama mlangoni, hajui ni nani mpaka aseme. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili."

"Tangu lini?"

"Tangu aanze kunisifu kila nguo ninayovaa." Akacheka, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye maganda. "Nimemwambia hospitali wanatibu, ni kitu kidogo. Anasema akienda hospitali watu watajua, na wakijua watauliza tangu lini."

"Mama, mficha maradhi..."

"Usinimalizie methali kwenye jiko langu," akasema. "Mimi ndiye ninayelala naye."

Jumapili, 14 Aprili

Nimemwambia. Mvua ilikuwa inapiga bati hata kuzungumza ni kama kugombana, na labda ndiyo maana tukagombana kweli.

Alikuwa sebuleni, redio mapajani. Nikamweleza yote: mistari ya mkiani, ubavu, mikwaruzo yenye kijikunjo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Mjomba, kwa nini ulimwambia Profesa hakukuwa na kitu?"

"Kwa sababu sikuona kitu."

"Hukuona, au hakikuwepo?"

Hapo akazima redio. "Wewe," akasema, "ulikuja kwenye nyumba hii hujui kushika kijiko. Mimi ndiye niliyekushikisha sindano. Leo unanipima macho?"

"Sikupimi. Nakuuliza."

"Nikisema sioni, unajua watanipa nini? Watanipa kiti pale mlangoni, nipokee miavuli ya wageni. 'Fundi, shika mwavuli. Fundi, asante.' Ndicho unachonitakia?"

Nikamwambia kwamba afadhali miavuli kuliko uongo. Mdomo wangu huu! Niliona neno likimfikia, na nikataka kulirudisha, na halikurudi. Akasimama, akajigonga goti kwenye meza ambayo imekaa pale miaka yote, akaenda chumbani. Hakufunga mlango kwa kishindo. Aliufunga polepole kabisa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumatatu, 15 Aprili

Hasemi na mimi. Mezani mazungumzo yanapitia kwa Mama kama barua kwenye posta. "Mwambie mwenzako chumvi iko mbele yake." "Mama, mwambie Mjomba asante." "Nyote wawili ni wajinga," Mama akasema, "na hilo mwambianeni wenyewe."

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Barabara ya kazini imekuwa mto. Mjomba ametangulia kufika, kama kawaida. Namtazama jinsi anavyoingia: vidole vinagusa fremu ya mlango, kona ya meza yangu, mgongo wa kiti cha Plasta, kisha kiti chake. Siku zote nilidhani anatusalimia.

Jumanne, 30 Aprili

Nimekuwa nikimwona kama mtu mwenye kiburi. Nilifurahi kumwona hivyo, hasira huwa nyepesi kubeba. Leo alikwenda kwenye bamba akidhani sote tumetoka kula. Akaweka viganja juu ya mifupa aliyoisafisha, akavipitisha polepole, kichwa kakiinamisha upande kama anayesikiliza kupitia ukuta. Mjomba anaogopa. Ni mtu mzima anayeogopa, na mimi nikasimama nyuma ya kabati nikilia bila sauti kama mwizi.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda mpaka mlango wa Profesa. Nikapiga hodi. "Karibu!" Nikaingia, nikaomba stepla. Sina kazi yoyote na stepla. Sasa iko mezani kwangu inanitazama.

Ufunguzi umepangwa mwisho wa mwezi. Kadi za mwaliko zimechapishwa, zina picha ya mnyama: nyuma manyoya, mbele mtupu kama kidole.

Jumatatu, 13 Mei

Silali vizuri, sili vizuri, na darubini inanitia kizunguzungu. Nimeamua: Ijumaa nitamwambia Profesa, iwe iwavyo. Nimemwambia Mama kwanza. Akasema, "Mpe mpaka Alhamisi." Sijui ana mpango gani. Pengine hana.

Alhamisi, 16 Mei

Niandike taratibu nisikose kitu.

Asubuhi Mama akaja kazini, jambo ambalo halifanyi. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka chumba cha pili kwamba anataka kuona sanamu ya mnyama aliyemla mume wake mwaka mzima, na mumewe ampeleke. Plasta akafurahi. "Kweli, Mzee, na wewe hujamwona mnyama wako!" Mjomba hakuwa na pa kutokea. Profesa naye akatufuata, kwa sababu ikitajwa sanamu ile hawezi kukaa.

Plasta akavuta shuka. Mama akasema, "Yarabi, ana sura ya mdai." Mjomba alisimama pembeni, anatabasamu lile tabasamu la kuelekea pasipo na mtu.

"Mguse, Mzee," Plasta akasema. "Wengine siwaruhusu, lakini wewe ni baba yake."

Mjomba akanyoosha mkono. Akaanzia mkiani. Vidole vikazama kwenye manyoya, vikapanda, pingili kwa pingili, vikafika nyongani, vikapanda mgongoni. Uso wake ukalegea. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuyajua manyoya yale. Tulikuwa tumeyataja mbele yake kwa wiki na wiki, na yeye hajawahi kuyaona. Profesa alikuwa anaeleza habari za tumbusi na mizoga, mikono inaruka hewani.

Mkono ukafika mbavuni na manyoya yakaisha.

Ukarudi nyuma, ukaja tena mbele. Manyoya, ngozi. Manyoya, ngozi. Plasta ni fundi kweli: alinakili kila kitu kutoka kwenye bamba, hata mteremko wa ule mpaka, hata ubavu ule mmoja uliokatwa katikati. Kidole cha Mjomba kikatembea juu ya ubavu ule, kikasimama.

"Huu ubavu ulikuwa na ufa," akasema.

"Ndiyo," Profesa akasema, "wewe ndiye uliyeuunga kwa gundi."

"Niliuunga siku mke wangu alipotoka hospitali. Siku ile niliishia hapa. Nikaweka sindano, nikaenda kumchukua, na sikurudi tena upande huu." Akawa anavuta pumzi kama aliyepanda ngazi. Nikasogea, nikadhani ataanguka. Mama akanishika mkono, akanizuia.

"Profesa," Mjomba akasema, "mnyama huyu hakuishia hapa. Mimi ndiye niliyeishia hapa."

Profesa alikuwa ameinua mikono bado, kisha akaishusha.

"Sioni," Mjomba akasema. "Nilipokuwa nasafisha mbele nilikuwa tayari sioni vizuri. Uliponiuliza nikasema hakukuwa na kitu. Ningesema sijui. Mpwa wangu aliniambia, nikamfukuza kwa maneno."

Profesa akavua miwani. Sikujua atafanya nini, na nadhani hata yeye hakujua. "Fundi," akasema, na sauti ilikuwa ya hasira kabisa, "mimi nimeshaandika. Nimeshapeleka ichapishwe. Kadi zimeshatoka."

"Futa."

"Kurasa arobaini!"

"Nimekuharibia mnyama, Profesa. Kurasa utaandika nyingine."

Profesa akatoka bila kuaga. Plasta akashika shuka, hajui aifunike sanamu au amfunike mzee. Nami nikafanya kitu ambacho sijakifanya tangu nikiwa mtoto, nikamkumbatia Mjomba kiunoni na kuficha uso kwenye shati lake. "Haya, haya," akasema. "Utaniangusha na koti sijalivaa."

Ijumaa, 17 Mei

Profesa hakuja kazini.

Jumatatu, 20 Mei

Profesa amekuja. Amesalimia watu wote kasoro Mjomba. Baada ya chai akaenda kwenye kona ya Mjomba, akavuta kigoda. Nilitega masikio mpaka yakauma.

"Ufunguzi nimeuahirisha," akasema. "Nimewaambia sababu ni mimi. Nilitaka sana iwe kweli, nikakuuliza mara moja tu na sikutazama mwenyewe. Nina macho yanayoona na sikuyatumia." Akakisogeza kigoda. "Bado nina hasira na wewe."

"Haki yako."

"Hospitali unakwenda lini?"

"Wiki ijayo. Mke wangu ameshachagua hata soksi."

"Na kuna sehemu yoyote mbele ambayo hukuigusa? Hata ndogo?"

Mjomba akafikiri. Akainua mkono wake wa kushoto, akaukunja kifuani kama alivyokunja yule mnyama, na kwa mkono wa kulia akawa anapapasa chini ya kiwiko chake mwenyewe. "Hapa," akasema. "Kiwiko kimelalia mbavu. Sauti ya jiwe lile ilinichanganya, nikaogopa kuuvunja mfupa, nikaliacha."

Jumatatu, 27 Mei

Mvua imekoma. Kimya cha bati kinaniumiza masikio.

Tumeanza kiwiko. Mjomba aliketi karibu yangu, goti lake limegusa langu, mikono kaifunga kwapani ili isije ikashika kitu. Mimi nina sindano nyembamba kuliko zote. Kwa mara ya kwanza maishani kiti hakikuota miba. Jiwe lilitoka kidogo kidogo, na kila nilipokwaruza alitikisa kichwa: ndiyo, jiwe. Jiwe. Jiwe bado.

Nikasimamisha sindano. Jiwe lilikuwa limefunguka upana wa ukucha, na ndani yake kulikuwa na weusi.

"Mbona umesimama?" akauliza.

Nikapuliza vumbi, nikatazama tena. Akanipa muda. Hakunipapasa wala hakuniharakisha.

"Yapo, Mjomba."

Akafumba macho, ambayo hayana tofauti yakiwa yamefumbuliwa, na midomo ikacheza. "Mengi?"

"Machache. Lakini ni marefu. Marefu kuliko ya mkiani, na katikati yana uti. Yametoka mkononi kabisa."

"Marefu hivyo, na yeye haruki?"

"Haruki. Mkono ni mfupi."

"Sasa ya nini?"

"Hatujui. Labda alikuwa akikunja mikono juu ya mayai. Labda alikuwa akijishaua tu."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu na hakuyafuta, kwa sababu mikono alikuwa ameifunga. "Niambie," akasema. "Usiniambie ya nini, hilo la Profesa. Niambie yakoje. Anza la juu."

Nikaanza la juu. Nikamweleza linapoanzia, linavyopinda, limelalia upande gani, na nyuzi zake zinavyoachana karibu na ncha. Akaniuliza kama ni jeusi kweli au kahawia, nikatazama tena nikamwambia kahawia. Kisha la pili. Kisha la tatu, ambalo limekatika. Plasta alikuja kuazima gundi, akatuona, akarudi bila gundi. Tulikuwa bado tuko kwenye la nne Mama alipopiga simu kuuliza kama tumehama nyumba.